Tunafundisha unyapara, tunauita uongozi

Nilipokuwa na miaka 12 nilipewa cheo changu cha kwanza maishani: kuandika majina ya wapiga kelele. Mwalimu akitoka darasani, mimi nasimama mbele na kipande cha karatasi, na yeyote anayefungua mdomo jina lake linaingia. Akiendelea, naliwekea alama ya mara mbili. Akizidi, mara tatu. Siku za mwanzo niliandika kwa haki. Wiki ya pili nilishajua kufuta. Aliyeniazima kalamu alifutwa. Aliyenicheka uwanjani aliandikwa hata siku aliyotulia kama maji mtungini. Wengine wakaanza kuniletea vitu bila kuombwa, nami sikuuliza kwa nini. Mwisho wa mwaka ripoti yangu ilirudi nyumbani na sentensi moja iliyomfurahisha sana baba: "Ana sifa za uongozi."

Ripoti ile hunijia akilini kila ninaposikia shule ikitangaza kwamba imeanzisha mpango wa kukuza uongozi na moyo wa kujitolea kwa watoto wa rika la kati, wale wa miaka 11 hadi 14. Nchi hii huwaita wa madarasa ya juu ya msingi, nchi ile wa sekondari ya chini. Tanganyika ya miaka ya 1950 ilikuwa na shule zake za kati, darasa la tano hadi la nane. Jina si hoja. Hoja ni kile wanachopewa kufanya. Na nikitazama kwa karibu, mara nyingi nakuta vitu viwili: uongozi unaofanana na unyapara, na huduma inayofanana na adhabu.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Mtoto hajifunzi kuongoza wala kuhudumia mpaka mtu mzima aachie kitu. Aachie uamuzi fulani, au ufunguo wa stoo, au fungu dogo la pesa, au angalau haki ya kukosea bila kufokewa. Shule nyingi hugawa vyeo, beji na tai za rangi tofauti, lakini ukiuliza mkuu wa shule ameachia nini hasa, hupati jibu. Kiranja mkuu ana beji, ila hana jambo hata moja analoweza kuliamua.

Hebu tumtazame kiranja huyo kazini. Anapiga kengele. Anasimamia mstari. Anahesabu waliochelewa. Anazuia watoto kukanyaga maua. Karibu kila kazi aliyopewa ni kazi ya mwalimu iliyokatwa kipande na kushushwa chini, na karibu kila moja inamtaka awatazame wenzake kama washukiwa. Hilo lina historia. Mwanzoni mwa karne ya 19, Joseph Lancaster aliendesha shule jijini London ambako mwalimu mmoja aliweza kusimamia mamia ya watoto kwa kuwatumia wakubwa wafundishe na kuwachunga wadogo. Mfumo ule wa mamonita ulisambaa nchi nyingi, na siri ya kupendwa kwake ilikuwa bei: ulikuwa rahisi. Sina ugomvi na urahisi. Lakini tukiri kwamba ulibuniwa kumpunguzia mwalimu mzigo na kuipunguzia shule gharama, na kwamba nia ya kulea viongozi tuliibandika baadaye.

Wapo waliofanya tofauti. Mwaka 1907, Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliwapeleka wavulana wapatao 20 kupiga kambi kisiwani Brownsea, Uingereza, akawagawa katika vikosi vinne, kila kimoja chini ya mvulana mwenzao. Yako mengi ya kumsema Baden-Powell, na mengine si ya kumsifu, ila hesabu ile ya vikosi ilikuwa na akili. Anayeongoza watu wanne anaowajua, anaolala nao hema moja na kula nao sufuria moja, hawezi kuwatawala kwa orodha. Akiwaudhi, analala na watu walioudhika. Mweke mtoto huyo huyo mbele ya wenzake 40 na karatasi mkononi, atakuwa nyapara kabla ya mapumziko ya saa nne.

Japani nako kuna utaratibu wa zamu ya siku. Leo ni wewe na jirani yako: mnafungua kikao cha asubuhi, mnafuta ubao, mnaandika shajara ya darasa. Kesho ni wengine. Hata yule asiyesema, hata anayeshika mkia kwenye mtihani, zamu yake inafika na darasa zima linamsubiri. Usafi wa madarasa na varanda hufanywa na wanafunzi wote, na haufanywi kwa sababu kuna aliyekosa. Sisemi Wajapani ni malaika. Shule zao zina uonevu na shinikizo kama za watu wengine. Ninachokiona ni kwamba cheo kinachozunguka hakimpi mtu muda wa kujifunza kufuta majina.

Sasa kwa nini nang'ang'ania rika hili na si wadogo au wakubwa zaidi? Kwa sababu hapa ndipo shule zinapoteleza vibaya, na wanasaikolojia wamelisema muda mrefu. Jacquelynne Eccles na wenzake, katika makala yao ya mwaka 1993, walieleza kitu ambacho mzazi yeyote wa mtoto wa miaka 13 atakitambua mara moja. Mtoto anapoingia ujana anataka kujiamulia zaidi, anataka mtu mzima anayemjua kwa jina, anataka kazi inayofanana na akili yake inayokua. Wakati huo huo anahamia shule kubwa zaidi, yenye walimu wengi wanaomjua kidogo, sheria nyingi zaidi na nafasi chache zaidi za kuamua chochote. Mwili na akili vinakwenda mbele, shule inamrudisha nyuma. Halafu tunashangaa mbona amekuwa mkaidi, mbona hapendi tena shule, mbona ananuna. Tunaita balehe. Sehemu yake ni balehe kweli. Sehemu nyingine ni viatu vinavyobana.

Tumeupenda mno msemo wa samaki mkunje angali mbichi. Nauheshimu, lakini una kasoro moja: samaki hakubali wala hakatai. Mtoto wa miaka 12 anakubali na kukataa mara mia kwa siku, na kazi ya shule ingekuwa kumfundisha afanye hivyo vizuri.

Upande wa huduma hali ni mbaya vile vile, ila imevalishwa nguo nzuri. Miaka kadhaa iliyopita nilifuatana na kundi la wanafunzi kwenda kwenye makazi ya wazee. Walikuwa na bango lenye jina la shule, maboksi ya sabuni, na mpiga picha. Watoto walipangwa mstari, kila mmoja akapewa kipande cha sabuni, akampelekea mzee mmoja, wakatazama kamera, mstari ukasogea. Shughuli nzima haikufika saa moja. Msichana mmoja alimfikia bibi aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi. Bibi aliipokea sabuni, akaiweka pembeni bila kuitazama, akamshika yule msichana mkono na kumuuliza, "Utakuja tena lini, mjukuu wangu?"

Msichana aligeuka kumtazama mwalimu. Mwalimu alimtazama dereva. Dereva alikuwa ameshawasha gari.

Nimelifikiria swali lile kuliko hotuba zote nilizowahi kusikia juu ya kujitolea. Bibi hakuomba sabuni. Na mtoto hakuwa na jibu kwa sababu hakuwa ameamua chochote: hakuchagua kwenda pale, hakuchagua sabuni, hakujua bibi anaitwa nani, wala hakuwa na uwezo wa kuahidi siku. Alikuwa pambo. Mtafiti Roger Hart, katika andiko lake la mwaka 1992 kwa ajili ya UNICEF, alichora ngazi yenye vipandio vinane vya ushiriki wa watoto, na vitatu vya chini kabisa akasema si ushiriki hata kidogo: watoto kutumiwa, watoto kuwekwa kama mapambo, na watoto kuwekwa kwa jina tu. Kiswahili chetu kilishavimaliza vyote vitatu kwa maneno mawili, danganya toto. Jaribu kuzipandisha ngazi hiyo shughuli za shule unayoijua. Hotuba ya mtoto iliyoandikwa na mwalimu, baraza la wanafunzi linaloitwa siku ya wageni, upandaji miti ambao miti haina wa kuimwagilia wiki inayofuata. Ni vilemba vya ukoka, vingi vyake.

Serikali nyingine zimejaribu njia ya sheria. Jimbo la Maryland, Marekani, liliamua mwaka 1992 kwamba hakuna mwanafunzi wa shule za umma atakayehitimu sekondari bila saa 75 za huduma, kuanzia wahitimu wa 1997. Ontario, Kanada, nako wanadai saa 40. Ukisikiliza haraka unasema safi sana, kila mtoto atahudumu. Lakini mchumi Sara Helms, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, aliyaangalia matokeo ya Maryland akakuta jambo la kufikirisha: wanafunzi wa darasa la nane walijitolea zaidi kuliko awali, ilhali wale wa mwisho wa sekondari walijitolea kidogo zaidi. Kwa lugha ya mtaani, watoto walizimaliza saa zao mapema, wakafunga daftari. Huduma ilikuwa deni, na deni likishalipwa hakuna anayerudi dukani kulipa tena.

Utafiti mwingine, wa Arthur Stukas na wenzake mwaka 1999, uliwahusu wanafunzi wakubwa zaidi waliolazimishwa kujitolea. Waliohisi kwamba wanasukumwa ndio ambao hamu yao ya kuendelea siku za mbele ilipungua. Na kuna lile jaribio mashuhuri la 1973, la Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, lililofanywa na watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti chenye utepe ili wachore, baadaye walichora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Watoto wale walikuwa wadogo sana na sipendi kuhamisha matokeo ya chekechea kwenda kwa vijana bila tahadhari. Hata hivyo, kila ninapoona shule inagawa medali za "mwanafunzi mwenye moyo wa huduma" nawakumbuka wale wachoraji.

Sisemi sharti lolote ni baya. Lile ongezeko la darasa la nane Maryland si kitu cha kubeza, na huenda lilitokana na shule zenyewe kupanga shughuli, maana yake watoto ambao wasingepata mlango walifunguliwa mlango. Mtoto wa nyumba ambayo hakuna mtu aliyewahi kujitolea hatajua hata pa kuanzia. Sharti linaweza kumfikisha mlangoni. Linaloamua kama ataingia ni kile anachokikuta ndani, na kama kuna sehemu yake ya kuamua.

Kuna mtoto mmoja ambaye mipango hii yote haimwoni, nami nitakaa kwake kidogo. Ni yule anayeamka kabla ya jua, anamwogesha mdogo wake, anampa dawa nyanya yake, anafika shule amechelewa dakika tano na jina lake linaandikwa na kiranja. Jioni wenzake wanabaki kwa ajili ya klabu ya huduma. Yeye anakimbia nyumbani, kwa sababu huko ndiko huduma iliko. Mwisho wa mwaka daftari lake la saa za kujitolea lina sifuri. Mara nyingi mtoto huyu ni msichana. Shule inamwona hana mwamko. Yeye tayari anaendesha zahanati ndogo na kituo cha kulelea watoto, bila beji.

Nini kifanyike kwake? Kwanza, asiandikwe kwa kuchelewa kabla ya kuulizwa. Pili, shughuli za huduma ziwe ndani ya ratiba ya masomo, zisiwe za jioni wala Jumamosi, la sivyo tunawahesabia wema wale wenye muda na kuwanyima wale wenye mzigo. Kenya, kwa mfano, imeyaweka mafunzo ya huduma kwa jamii ndani ya mtaala wa umilisi wenyewe, na kwa hilo naona wameelekea panapofaa, hata kama utekelezaji ni habari nyingine. Tatu, na hili ndilo gumu, mtoto huyu apewe nafasi ya kufundisha. Anajua kumpima mgonjwa homa kwa kiganja, anajua kumnyamazisha mtoto anayelia. Wenzake wa darasani hawajui. Lakini asilazimishwe kueleza ya kwao mbele ya watu. Kuna watoto wanaobeba mizigo kimya kwa sababu wanataka iwe kimya.

Wazo kwamba huduma na uamuzi viende pamoja si geni kwetu. Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule ziwe na mashamba na karakana. Watu wengi wanaikumbuka nusu hiyo: majembe. Nusu ya pili imesahaulika. Aliandika kwamba wanafunzi washiriki kuamua, pamoja na kuamua juu ya matumizi ya kile walichozalisha, ili waone uhusiano wa jasho lao na maisha yao. Kilichotokea katika shule nyingi kinajulikana na waliosoma enzi hizo. Jembe lilibaki, kikao cha kuamua hakikufanyika. Shamba likawa la kazi za mikono, kisha likawa mahali pa kumpeleka mkosaji. Na mkosaji akishapelekwa shambani mara tatu, amefundishwa somo ambalo hakuna siasa itakayolifuta: kufanya kazi kwa ajili ya wote ni aibu, ni ya waliokamatwa.

Ndiyo maana sina subira na shule inayoadhibu kwa kusafisha vyoo asubuhi, halafu mchana inaimba wimbo wa kujitolea. Ukitaka watoto wathamini usafi wa pamoja, acha kuutumia kama fimbo. Huwezi kumwambia mtoto kitendo kile kile ni heshima Ijumaa na fedheha Jumatatu.

Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, una ibara ambayo mikataba mingine ya haki za watoto haina namna yake. Ibara ya 31 inataja wajibu wa mtoto, na miongoni mwake ni kuitumikia jamii ya taifa lake kwa kuweka nguvu zake za mwili na za akili kwenye huduma hiyo. Mwili na akili. Tumeshika mwili. Tunawapa watoto ufagio, jembe, ndoo. Ni mara chache mtu anawaambia: hapa kuna tatizo, fikirini.

Niliwahi kuona hilo likifanyika, na si kwa mbwembwe. Katika shule moja niliyokuwa naitembelea, mwalimu mmoja wa hisabati aliwaambia watoto saba, wa miaka 12 na 13, watafute kitu kimoja pale shuleni kinachopotea na ni cha wote. Walizunguka siku mbili. Walirudi na mambo mengi, mengine ya kuchekesha, mwishowe wakakubaliana juu ya bomba la nje, karibu na vyoo, lililokuwa linavuja tangu hakuna anayekumbuka lini. Mwalimu hakusema hongera. Aliuliza, "Linavuja kiasi gani?"

Hawakujua. Wakaenda kutafuta ndoo ya lita 10 na saa. Ndoo ilijaa kwa dakika 40. Msichana mmoja akapiga hesabu: lita 15 kwa saa. Wakazidisha mara 16, wakapata lita 240 kwa siku, wakaandika kwa herufi kubwa. Mvulana mmoja mpole, ambaye hadi hapo sikuwa nimesikia sauti yake, akauliza, "Kwani usiku bomba linalala?" Kimya kikapita, halafu kicheko, halafu wakafuta na kuandika 360.

Mwenyekiti wao walikuwa wamemchagua kwa kura, na kama kawaida ya kura za watoto, na za wakubwa pia, alishinda mwenye maneno mengi. Wiki ya pili alikuwa amechoka. Bila kikao, bila mapinduzi, maswali yote yakaanza kwenda kwa yule mpole, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na daftari. Nilimuuliza mwalimu kama atabadilisha uongozi rasmi. Akasema, "Ya nini? Wameshabadilisha wenyewe." Nadhani mle mlikuwa na somo la uraia kubwa kuliko vitabu viwili.

Waliandika barua kwa mkuu wa shule. Jibu likaja: linashughulikiwa. Siku 14 zikapita. Mwalimu alikuwa na namba ya fundi kwenye simu yake. Angepiga, bomba lingepona mchana ule ule. Hakupiga. Aliniambia baadaye kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu kuliko zote, kukaa na ile namba mfukoni. Watoto wakaomba kuzungumza na fundi siku alipokuja kwa kazi nyingine. Fundi akafungua, akawaonyesha mpira wa ndani uliokwisha, kidude cha ukubwa wa shilingi. Wakaandika ombi la pesa. Likarudishwa, halina sahihi. Wakaandika tena. Likapita. Mpira ukabadilishwa mbele yao, wakapima: ndoo kavu. Kisha, baada ya wiki moja, mtu akalikaza bomba kwa nguvu za kishujaa, likaharibika upya, wakaanza tena mwanzo wakiwa wamekasirika kama watu wazima.

Nimeisimulia kwa urefu kwa sababu kila kilichomo ndicho ninachokililia. Tatizo lilikuwa la kweli na lilikuwa lao. Kulikuwa na kitu cha kupima. Kulikuwa na kushindwa, tena mara tatu. Kulikuwa na mtu mzima aliyekuwepo lakini amejizuia. Na hakuna aliyepewa cheti.

Najua walimu watanijibu nini, na wana haki. Mwalimu ana darasa limefurika, ana mitihani ya taifa inayomngoja, ana wazazi wanaosema "nimemleta mtoto asome, si apime mabomba." Kumwachia mtoto afanye jambo kwa wiki sita ambalo wewe ungelimaliza kwa dakika sita ni gharama, na anayelipa ni mwalimu, bila posho wala sifa. Kwa hiyo sidai kila mwalimu afanye hivi na kila darasa. Shule ikiwa na mambo mawili tu kwa mwaka ambayo ni ya watoto kweli, kuanzia kuchagua tatizo hadi kusimamia pesa yake kidogo, inatosha kabisa. Mengine yaendelee kama yalivyo. Ile ratiba ya kupiga kengele haitaua mtu. Na kwa wazazi: kuzidisha 15 kwa 24 ni somo, kuandika ombi lisilorudishwa ni somo pia, tena wapo wenye shahada ambao hili la pili bado linawashinda.

Mipaka nayo iwepo. Mtoto wa miaka 12 asitumwe kuamua kesi ya mwenzake aliyeiba, asikabidhiwe usalama wa bweni usiku, asipelekwe kuhudumia wagonjwa bila mtu mzima kando yake. Yapo yanayoitwa "kuwapa watoto uongozi" ambayo ukweli wake ni watu wazima kukimbia majukumu yao. Kipimo changu ni rahisi: mambo yakiharibika, nani ataumia? Kama ni bomba, waachie. Kama ni mtoto mwingine, baki hapo hapo.

Na ile safari ya makazi ya wazee ingeweza kuokolewa, bila hata kuongeza senti. Wangekwenda watoto watano badala ya 50, bila bango. Wangeuliza kwanza. Huenda wangeambiwa kwamba wazee wanataka kusomewa barua, au kusaidiwa simu, au mtu tu wa kucheza naye bao. Kila mtoto angekuwa na mzee wake mmoja, anayemjua jina, na angerudi kila baada ya wiki mbili. Wakitoka pale wakae chini nusu saa wakiwa na mtu mzima, waseme walichoona, waulizane kwa nini mzee fulani hana anayemtembelea. Hicho kikao cha mwisho ndicho shule hukikata kwanza muda ukibana, na bila hicho mtoto anabaki na picha tu. Bibi angeuliza swali lake, na msichana asingehitaji kugeuka kumtazama mtu.

Mara ya mwisho nilipofika kwenye ile shule ya bomba, wale saba walikuwa wanakaribia kuhama darasa. Daftari bado lilikuwepo, jalada limeng'oka, safu zimepigwa kwa rula: tarehe, bomba, dakika, lita, aliyepima. Mabomba yalikuwa yameongezeka hadi manne. Ukurasa wa nyuma ulikuwa na majina ya watoto wa darasa la chini yao watakaopokea kazi, na chini ya majina, kwa mwandiko wa yule mpole, maelekezo machache. Ndoo iko nyuma ya mlango wa stoo. Ufunguo muulize mama wa usafi, umsalimie kwanza. Mpini wa ndoo umelegea upande mmoja, kwa hiyo ikijaa ishikeni kwa chini.